Diptera: Wadudu wa Mabawa Mawili



Ndugu zangu wasomaji, baada ya darasa letu la Jumamosi dada mmoja anayesomea uuguzi alinionyesha daftari lake. Mhadhiri wake alikuwa ameandika ubaoni neno Diptera, akalipigia mstari, kisha akaendelea na somo la malaria. "Kaka, hili ni jina la ugonjwa au la mdudu?" Nilimjibu kwa maneno machache, lakini waliokuwa karibu nao wakaanza kuuliza yao, nikaona jibu linahitaji kurasa kadhaa. Mimi nasomea elimu ya wanyama, na kwa mtu anayeishi Kampala sioni neno la kisayansi linalomgusa kila siku kama hili.

Diptera limetoka katika Kigiriki na limeundwa kwa vipande viwili: di, yaani mbili, na pteron, yaani bawa. Aristotle, zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alikwisha kuwatenga wadudu wa mabawa mawili na wale wa mabawa manne. Carl Linnaeus wa Sweden akalitumia jina hilo katika toleo la kumi la kitabu chake cha kupanga viumbe, mwaka 1758, na tangu hapo halijabadilika. Waliosoma Kiarabu watalielewa upesi zaidi, maana vitabu vya biolojia vya Kiarabu huwaita dhawat al-janahayn, wenye mabawa mawili. Nasi tukisema wadudu wa mabawa mawili, hakuna maana inayopotea.

Katika kundi hili wamo nzi wa nyumbani, mbu, mbung'o, usubi, chafuo, na wale vijinzi wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Aina ambazo wataalamu wamekwisha kuzieleza zinazidi 150,000. Kipepeo hamo. Nyuki hamo. Kereng'ende naye hamo, ingawa Waingereza wamelitia neno la nzi ndani ya jina lake na la kipepeo pia, jambo ambalo limewaangusha wanafunzi wengi kwenye mtihani. Hao wote wana mabawa manne. Nyuki ndiye anayechanganya zaidi, kwa sababu mabawa yake ya nyuma ni madogo na yameshikana na ya mbele kwa vijindoano, ukimtazama kwa haraka unaona jozi moja tu. Na wako nzi wenye mistari ya njano na nyeusi wanaofanana naye kabisa, wakitua mauani watoto hukimbia. Hawana mwiba. Wahesabu mabawa, utawajua.

Sasa, jozi ya pili ilikwenda wapi? Haikupotea. Mkamate nzi mkubwa, mtie ndani ya chupa, mtazame nyuma ya mabawa yake kwa kioo cha kukuzia. Utaona kila upande kijiti kifupi chenye kichwa cha mviringo, mfano wa njiti ya kiberiti iliyofupishwa. Hivyo ndivyo mabawa ya nyuma yalivyogeuka, na wataalamu huviita haltera. Mwaka 1714 kasisi mmoja Mwingereza, William Derham, aliandika kwamba nzi akiondolewa vijiti hivyo hawezi tena kuruka sawasawa. Nzi anaporuka, vijiti hupiga kwa kasi ileile ya mabawa lakini kinyume chake, bawa likipanda kijiti kinashuka. Mwili ukiyumba au ukigeuka ghafla, kijiti hupinda kidogo sana kwenye shina lake, na mishipa ya fahamu iliyopo hapo hupeleka habari kwenye misuli ya mabawa. Ni kama mwendesha boda boda mzoefu anavyohisi pikipiki inalalia upande mmoja kabla abiria hajajua lolote. Ndiyo maana unapiga kofi, unakuta mkono mtupu.

Usumbufu wake haukuanza jana. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika kurasa nyingi juu ya nzi katika kitabu chake cha wanyama, Kitab al-Hayawan. Humo anasimulia habari za kadhi wa Basra, Abdullah bin Sawwar, mtu mwenye haiba kubwa, aliyekuwa akikaa barazani bila kugeuza shingo wala kusogeza mkono. Siku moja nzi akamtua puani. Kadhi akavumilia. Nzi akahamia kwenye kona ya jicho, akaanza kudonoa. Kadhi akapepesa kope, nzi akaondoka na kurudi palepale, tena na tena, mpaka kadhi akalazimika kumfukuza kwa mkono na kwa ncha ya mkono wa kanzu, mbele ya watu wote waliokuwa wakimtazama. Mwishowe alikiri kwamba kiumbe dhaifu kuliko wote amemshinda. Nimewasomea wenzangu kisa hiki chumbani, na kila mmoja alikuwa na nzi wake wa kumsimulia.

Kadhi huyo alikumbuka aya ya 73 ya Suratul Hajj, ambayo wengi wetu tumeihifadhi, ile inayowataja wanaoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu kwamba hawamwezi nzi, si kwa kumuumba wala kwa kumnyang'anya alichochukua. Tafsiri ina wenyewe, nami si mmoja wao. Ninachoweza kueleza ni namna nzi anavyokula. Nzi wa nyumbani hana meno. Akitua juu ya sukari hutema mate, sukari inayeyuka, kisha anaifyonza kwa mdomo ulio kama sponji. Mate hayo pamoja na alivyobeba miguuni huwa ametoka navyo alikotua mwanzo, na sote tunajua anapenda kutua wapi. Kwa hiyo muuza rolex wa Wandegeya anayefunika nyanya na kitunguu chake kwa wavu anastahili wateja wengi kuliko mwenzake wa pembeni. Hadithi ya nzi aliyeangukia kinywajini nimeulizwa pia, nayo nawaachia masheikh zetu waieleze kwa elimu yake.

Wadudu hawa huzaliwa na sura nyingine kabisa. Yai huanguliwa likawa kiumbe asiye na miguu. Wa mbu huishi majini, tunamwita kiluwiluwi, na wa nzi huishi katika vitu vinavyooza au ndani ya nyama, tunamwita buu au funza. Neno funza hapa lina mtego. Waswahili humwita funza pia yule anayeingia katika vidole vya miguu, ambaye Waganda humwita envunza. Yule ni aina ya kiroboto, hana bawa hata moja, na hahusiani na Diptera. Funza wa nzi wa maembe ndiye wetu. Nzi huyu hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, buu likianguliwa linapenya ngozi ya mvaaji na kufanya jipu lenye tundu katikati. Dada zetu wapya wanaotoka nchi zisizo na nzi huyu hushangaa kwa nini hapa watu hupiga pasi mpaka soksi na shuka. Moto wa pasi unaua mayai. Ukianika juu ya majani ya uani, usiivae nguo hiyo kabla ya kuipiga pasi, hasa mishono ya kiunoni.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema ni mambo ya darasani tu. Historia ya nchi hii inasema mengine.

Upande wa mama yangu asili yao ni visiwa vya Ssese. Jjajja alizaliwa bara, baba yake alizaliwa visiwani, na kati ya vizazi hivyo viwili yuko mbung'o. Mwaka 1901 madaktari ndugu wawili wa hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, walipokea wagonjwa waliovimba tezi za shingo na waliokuwa wakisinzia mchana hata wakiwa na chakula mkononi. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, kwa ule usinziaji. Kwa Kiswahili ni malale. Katika miaka michache ukawamaliza watu wa pwani ya ziwa na wa visiwani, na makadirio ya waliokufa yanazidi 200,000.

Hakuna aliyejua unaletwa na nini. Wapo waliodhani ni minyoo ya damu, wengine wakasema ni bakteria. Aldo Castellani, daktari Mwitaliano aliyetumwa Entebbe mwaka 1902, naye alishika kwanza njia ya bakteria, kisha akaona katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa vijidudu vinavyojinyonganyonga, tripanosoma. Mwaka 1903 akafika David Bruce, ambaye huko Zululand alikwisha kuonyesha kwamba mbung'o anawaambukiza ng'ombe tripanosoma. Bruce na wenzake wakawaomba machifu na wamisionari wakusanye nzi wote wanaouma katika maeneo yao, wawapeleke Entebbe, na waseme kama mongota upo kwao au haupo. Nzi wakaja kwa wingi, wa kila namna. Hapo ndipo kazi ilipokuwa, kuwatenga mmoja mmoja, huyu chafuo, huyu nzi wa ng'ombe, huyu mbung'o. Walipoweka alama kwenye ramani mbili, moja ya mbung'o na moja ya ugonjwa, zikalingana, ukanda uleule wa ufukwe na visiwa vilevile. Kama wangewaandika wote "nzi" na kuwatia katika kapu moja, ramani ile isingesema kitu, kwa kuwa nzi wako kila mahali.

Kumtambua mbung'o si kazi ngumu ukishaonyeshwa. Akitua, mabawa yake hulaliana moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mrija wake wa kunyonyea damu umeelekea mbele. Tena hatagi mayai kama nzi wengine. Jike hulea buu moja tumboni, akilinyonyesha kwa maji mfano wa maziwa, kisha hulizaa likiwa limekua, na buu hujichimbia udongoni. Kwa kuwa anazaa mmoja mmoja, kila siku kumi hivi, hata mitego michache ya kitambaa cha buluu na cheusi ikitegwa vizuri inawapunguza. Nzi wa nyumbani huwezi kumpunguza hivyo, maana hutaga mamia.

Kuanzia mwaka 1906 Hesketh Bell, aliyekuwa mkuu wa serikali ya kikoloni hapa, aliamuru watu wahamishwe maili mbili kutoka ufukweni, na baadaye visiwa navyo vikaondolewa watu. Waliosalimika waliokoka, lakini waliacha migomba, mitumbwi na makaburi, na ilipita zaidi ya miaka kumi kabla hawajaanza kuruhusiwa kurudi. Wengi hawakurudi kamwe, wakiwamo wa kwetu. Mimi siilaumu hesabu ya nzi iliyofanyika Entebbe. Naona uzito tu wa kwamba watu walihamishwa kwa kufuata ramani ya mdudu mmoja, hivyo ilikuwa lazima mdudu huyo awe ametambuliwa bila shaka.

Malale yakarudi Busoga kuanzia mwaka 1976, baada ya mashamba ya kahawa na pamba kuachwa yakawa vichaka vya lantana, mahali mbung'o anapopenda. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za ugonjwa huu, ile ya kusini mashariki ambayo hukaa katika ng'ombe na ile ya West Nile. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba hii ya West Nile si tishio tena kwa afya ya umma nchini. Kutoka Mengo 1901 mpaka hapo ni miaka 121.

Mbu wana hadithi yao. Mwaka 1936 Rockefeller Foundation ilianzisha Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Swali lao lilikuwa hili: virusi wa homa hiyo wako katika nyani na kima wa msitu wa Bwamba, chini ya Rwenzori. Vipi vinamfikia mkulima ambaye haingii msituni? Wakajenga majukwaa mitini, na vijana wa vijijini wakakaa juu kwa zamu, usiku na mchana, wakiwakamata mbu waliokuja kuwauma. Ikaonekana kwamba juu kabisa ya miti, jua likishatua, yuko mbu aitwaye Aedes africanus, na huyo ndiye anayewauma kima. Chini, kwenye mashamba ya ndizi, yuko mbu mwingine, Aedes simpsoni, anayetaga mayai katika maji yanayotuama pale jani la mgomba linapokutana na shina. Kima akishuka kuiba ndizi anaumwa na wa shambani, na wa shambani anamuuma mkulima. Mbu wawili wenye undugu wa karibu, kila mmoja na kazi yake, na kisa chote hakifahamiki ukiwaita mbu tu.

Msitu wa Zika uko karibu zaidi nasi, pembeni ya barabara ya Entebbe. Mwaka 1947 kima aliyewekwa humo ndani ya tundu kwa ajili ya uchunguzi wa homa ya manjano alipata homa, na katika damu yake kikapatikana kirusi kipya. Mwaka uliofuata kirusi hichohicho kikapatikana katika Aedes africanus wa msitu huohuo. Baadaye ukasimikwa mnara wa chuma wa futi 120 ili mbu wahesabiwe kwa urefu mbalimbali. Karibu miaka 70 ilipita kabla dunia haijalijua jina la Zika, ugonjwa ulipoenea Brazil mwaka 2015 na watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo.

Kule Jinja, kwenye maporomoko ya Nile, kulikuwa na usubi ambaye Waingereza walimwita nzi wa mbwa, wakifuata jina la wenyeji. Msomaji wa Kiswahili asidhani ni wa mbwa, alikuwa wa watu, na aliwaachia upofu. Buu lake haliishi ila katika maji yaendayo kasi, likiwa limejishikiza kwenye mawe na majani. Miaka ya 1950 wakatia DDT mtoni, na baadaye usubi huyo akatoweka katika sehemu ile ya mto.

Turudi mabwenini. Wenzetu wanaoishi Ggaba na Entebbe wanawajua wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kufunika taa na kuta. Nimeona mtu amemaliza kopo zima la dawa akiwapulizia, kwa kuwa wana umbo la mbu. Ni Diptera kweli, lakini hawaumi, na wengi wao hufa wenyewe baada ya muda mfupi. Usiku uleule alilala bila chandarua, na yule mwenye malaria, jike la Anofelesi, huuma zaidi usiku wakati watu wamelala. Anofelesi utamjua anapotua ukutani, maana huinua nyuma yake juu kama aliyesujudu, mbu wengine hukaa sambamba na ukuta. Aedes wa mjini, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana ukiwa umekaa unasoma, na kwake chandarua cha usiku hakisaidii sana. Yeye dawa yake ni kumwaga maji yaliyokaa kwenye madumu, matairi na visahani vya maua. Dada yangu wa uuguzi, mgonjwa akikuambia ameumwa na mbu, muulize saa ngapi na wapi.

Nimetaja wengi wenye madhara, na ni haki kutaja wengine. Katika Kampala wako watu wanaofuga nzi mweusi mkubwa ambaye mabuu yake hula maganda ya ndizi na mabaki ya sokoni, kisha mabuu hayo huwa chakula cha kuku. Wako pia wasiokuwa na mabawa kabisa na bado ni Diptera, kama kupe-nzi wa kondoo, anayetambaa ndani ya manyoya maisha yake yote. Viungo vyake vingine vinaonyesha ukoo wake, na ukoo ndio unaotawala jina.

Na kule Bwamba, ambako leo ni wilaya ya Bundibugyo, wanalima kakao. Ua la kakao ni dogo na limejifungafunga kiasi kwamba nyuki hawezi kulihudumia vizuri. Anayelichavusha ni kijinzi mdogo kuliko punje ya ulezi, anayezaliana katika majani yaliyooza na maganda ya kakao yaliyoachwa chini ya mti. Mwenye darubini ya mkono na anayekwenda kwao Bundibugyo likizo hii, namuomba anikamatie wachache kwenye kichupa cha spiriti. Tutawahesabu mabawa pamoja darasa la Jumamosi litakaporejea, inshallah.